Wasomaji 3,000 kwa wiki, maoni sifuri: blogu na magazeti ya mtandaoni tunakosea wapi?

#1 MtuWaNkuhungu
Wakuu, habari za jioni.

Nina blogu ndogo ya habari za hapa Dodoma, huu mwaka wa tatu. Naandika bei za mazao, viwanja, maji kukatika, mabasi, misiba ya watu wanaojulikana mtaani, na mara moja moja ya bungeni nikipata mtu wa kuninong'oneza. Kwa wiki wanaingia watu kama 3,000, na kwa mji wetu si haba. Ila pale chini pa maoni ni jangwa. Mwezi uliopita niliandika habari ya kifusi kilichomwagwa katikati ya njia huku kwetu. Wamefungua watu 900. Maoni yakawa mawili: la kwanza la mganga anayerudisha mpenzi ndani ya dakika 30, la pili langu mimi nikimjibu mganga.

Kinachoniuma ni hiki. Jumamosi nimekaa kijiwe cha kahawa Makole, nakuta watu wanabishana habari yangu ile ile. Mmoja anajua hadi lori lilikuwa la nani. Nimeuma ulimi nisiseme kwamba mwandishi ni mimi. Kwa hiyo wanasoma, na kubishana wanabishana, ila si kwangu.

Swali kwenu mnaosoma: nini kinakufanya uandike neno, na nini kinakufanya upite kimya? Na mwenye blogu afanyeje?

#2 Kibaigwa Njia Panda
Siti ya mbele. Namba ya mganga bado unayo?

#3 ZabibuKavu
Jibu fupi: hamjibu.

Jibu refu: mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Kuna ukurasa mmoja wa habari (siutaji) uliandika kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara moja kwa mwaka. Nikaandika kwa adabu zote: ndugu mhariri, huku tunavuna mara mbili, karibu shambani ujionee. Baada ya siku mbili narudi, sentensi imerekebishwa na maoni yangu yamefutwa. Hata ahsante hakuna. Yaani wamechukua zabibu na kikapu. Sijaandika popote tena, isipokuwa hapa ambapo mnanitukana bila kunifuta.

#4 mtumishi_kimya
Mleta mada, huu mji umejaa watumishi. Tangu serikali ianze kuhamia 2016 kila nyumba ya tatu ina mtu anayepanda basi la kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, asubuhi. Sasa huyo mtumishi aandike kwenye blogu yako, kwa akaunti yenye jina na picha ya harusi yake, kwamba barabara ya kwao mbovu? Kesho anaulizwa ulimaanisha nini. Watu wanaogopa tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ndiyo wakafunga midomo kabisa.

#5 Mlendamoto
@mtumishi_kimya ndiyo maana jina lako lina "kimya". Umeandika mistari mingi kuliko walimu wote wa kata yangu.

#6 Wakili wa Kijiweni
Niweke sawa kidogo hapo #4. Mzigo wa zile kanuni uliwaangukia zaidi wenye blogu. 2018 mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano: ada ya maombi 100,000, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Wengi walifunga. Hata JamiiForums, lile jukwaa la mijadala, ilizimwa kwa muda Juni mwaka ule. Ada zilikuja kupunguzwa 2022.

Lakini kwa mada hii kifungu kikubwa ni kile cha kuondoa maudhui. Ukiarifiwa kwamba kuna kitu kilichokatazwa kwenye ukurasa wako, hata kama kimeandikwa na msomaji, una saa 12 tu uwe umekitoa. Sasa mtu mmoja, hana msaidizi, yuko shambani Bahi simu haina chaji. Afanye nini? Anafunga sehemu ya maoni analala. Kwa hiyo kimya kingine hakikuletwa na msomaji. Mlango ulifungwa na mwenye nyumba.

#7 Kibaigwa Njia Panda
Saa 12 ilikuwa 2018 wakili. Kanuni za 2020 zikafanya saa 2. Rudi darasani.

#8 Wakili wa Kijiweni
@Kibaigwa nakubali, saa 2. Ahsante. Nawe unauza alizeti au sheria?

#9 Kibaigwa Njia Panda
Vyote, kwa kilo.

#10 MwlMstaafu_Kondoa
Salaam vijana. Nimesoma tangu juu. Mnazungumza kana kwamba msomaji kuandika chini ya habari ni jambo lililoletwa na intaneti. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, la serikali ya Mwingereza, na ndani yake wasomaji walikuwa wakiandika barua na mashairi. Mtu anauliza swali kwa shairi, mwingine kutoka mkoa wa mbali anamjibu kwa shairi, wa tatu anawakosoa wote wawili vina na mizani. Huo si uzi? Shairi lilisafiri kwa posta na treni, jibu likaja baada ya wiki au miezi, na watu walisubiri.

Halafu redio. Sisi tuliokua miaka ya sabini na themanini tunakumbuka kadi za salamu za Redio Tanzania. Unaandika jina lako, unaorodhesha unaowasalimia, unaongeza ujumbe, unapeleka posta. Halafu unakaa karibu na redio wiki nzima. Siku mtangazaji aliposoma jina langu na kijiji changu, mama aliacha mwiko kwenye sufuria akatoka nje kuwaita majirani. Ugali uliungua na hakuna aliyelalamika.

Sababu ya kuandika ilikuwa hiyo tu: jina lako linasomwa, na kwenu kunatajwa. Wewe MtuWaNkuhungu, umewahi kutaja jina la msomaji wako ndani ya habari?

#11 dogo_UDOM
Mwalimu shikamoo. Hizo kadi mlikuwa mnanunua? Yaani mnalipia kutoa komenti?

#12 MwlMstaafu_Kondoa
Marahaba. Ndiyo, tulinunua. Na wewe unalipia, hilo bando unapewa na nani?

#13 Mlendamoto
Dogo kaa chini.

#14 Mdau wa Zamani
Mwalimu kanikumbusha mbali. Kuna wakati blogu za Kiswahili zilikuwa na maoni hadi unachoka kusoma. Nilikuwa nje kikazi enzi hizo. Blogu ya Michuzi ilianza Septemba 2005 na ilikuwa kama baraza la nyumbani. Msomaji haitwi msomaji, anaitwa mdau. Mwenye blogu anaitwa Ankal. Picha ya barabara ya Dodoma ikiwekwa, watu wa Uingereza, Marekani na Tabata wanagombana pale chini kama ni ya Kuu Street au siyo. Wengi hawakuwa na majina, ni "anonymous" mtupu, na mtu alikuwa anajibu "wewe anony wa saa 4:12 acha uongo". Saa ndiyo ilikuwa jina! Libeneke, yaani shughuli hiyo, liliendelezwa haswa.

Michuzi ndiye aliyetuanzishia mambo haya ya blogu za Kiswahili.

#15 Wakili wa Kijiweni
Hapo umeruka. Kabla yake kulikuwa na Jikomboe ya Ndesanjo Macha, na Ndesanjo huyo huyo ndiye aliyemsaidia Michuzi kufungua yake walipokutana Helsinki. Michuzi aliileta kwa umma, sawa. Kuanzisha, hapana.

#16 Mdau wa Zamani
Kweli, Jikomboe nilisahau. Umri.

#17 Binti_Irangi
Nasoma kimya tangu #1, na kimya hicho ndicho mnachokijadili, basi nisemee wenzangu.

Nilikuwa natoa maoni sana. Siku moja kwenye gazeti la mtandaoni nikaandika juu ya bei ya taulo za kike shuleni, mistari minne tu. Majibu kumi ya kwanza hayakuhusu taulo wala shule, yalihusu picha yangu. Wawili walinifuata hadi Messenger. Mhariri aliyaacha yote siku tatu kwa sababu habari ile "ilikuwa inafanya vizuri". Nilifuta maoni yangu mwenyewe.

Wala si sisi tu. Gazeti la Guardian la Uingereza 2016 lilichambua maoni milioni 70 ya wasomaji wake. Katika waandishi wake kumi waliotukanwa zaidi, wanane walikuwa wanawake, na wawili waliobaki walikuwa wanaume weusi. Sasa kama mwandishi mwenye ofisi na mwanasheria anafanyiwa hivyo, mimi wa Kondoa mjini nitegemee nini?

MtuWaNkuhungu, kabla hujauliza kwa nini hatuandiki, jiulize tukiandika nani anatulinda.

#18 Simba wa Majengo
Mitandao si ya watu laini. Ukiogopa joto usiingie jikoni.

#19 Binti_Irangi
Jikoni ndiko mlikotuweka, sasa mnatutisha na joto lake?

#20 Mlendamoto
😂😂 Simba kaliwa.

#21 FundiSimu_Majengo
Wakuu mnazungumza siasa na mapenzi, sababu nyingine iko mkononi. Mimi natengeneza simu. Kwa siku naletewa simu 15, na watu kumi kati ya hao hawajui nywila ya akaunti yao ya Google. Alifunguliwa na muuzaji siku ya kununua simu, basi. Sasa blogu ya bure ya Blogger, kama imewekwa inavyokuja, inataka uingie kwenye akaunti kwanza ndipo uandike.

La pili. Watu wengi wanaifikia habari kwa kubofya kiungo ndani ya Facebook. Hapo haifunguki kwenye kivinjari chako cha kawaida, inafunguka kidirisha cha ndani ya Facebook chenyewe, na humo hujaingia kwenye akaunti yoyote. Unaandika komenti yako nzuri, unabonyeza tuma, inakuambia ingia. Unaingia, ukirudi maandishi yamepotea. Nani ataandika mara ya pili? Mganga tu, kwa sababu anayo tayari amekopi.

Jaribu kutoa maoni kwenye blogu yako kwa simu ya mtu mwingine, uone.

#22 MtuWaNkuhungu
Fundi, nimejaribu sasa hivi kwa simu ya mke wangu. Imegoma mara tatu. Mara ya nne imeniletea picha nichague zenye taa za barabarani. Nimezichagua. Ikasema jaribu tena. Miaka mitatu nawalaumu watu wa Dodoma.

Mwalimu, kutaja jina la msomaji sijawahi hata mara moja. Binti, nimekusoma, sina jibu la haraka.

#23 Hesabu Kali
Kabla hamjamsulubu fundi wa Google, tazameni tarakimu. NPR, redio kubwa ya Marekani, ilifunga sehemu ya maoni kwenye tovuti yake Agosti 2016. Julai ya mwaka huo walikuwa na wageni karibu milioni 33. Waliotoa maoni walikuwa 19,400. Hiyo ni 0.06 ya asilimia. Na hao wachache waliandika maoni 491,000, yaani ni wale wale kila siku. Popular Science ilishafunga yake tangu 2013, Reuters 2014. Hao wana wahandisi, nywila si tatizo.

Kuna na ile kanuni aliyoiandika Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, 2006: kati ya watu 100 kwenye jamii ya mtandaoni, 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara chache, mmoja ndiye anayebeba mazungumzo. Kimya ndiyo hali ya kawaida ya binadamu anayesoma.

#24 ZabibuKavu
Hesabu, hebu tupige za kwako. 0.06 ya asilimia ya watu 3,000 ni watu 1.8. Mganga ni mmoja, na mleta mada ni 0.8. Blogu iko kwenye viwango vya Marekani, tufunge uzi.

#25 Hesabu Kali
Nimecheka kwa sauti ofisini. Lakini ndiyo, hesabu ni hiyo.

#26 Mdau wa Zamani
Mimi takwimu za #23 hazinishawishi. Enzi ya Ankal wasomaji walikuwa wachache zaidi na maoni yalikuwa mengi zaidi. Kanuni ya 90 na 9 ilikuwa likizo?

#27 Hesabu Kali
Enzi ya Ankal hapakuwa na WhatsApp mkuu. Waliokuwa na hamu ya kusema walikuwa na sehemu moja ya kusemea.

#28 jirani_wa_Ndasha
Niongeze yangu. Tatizo ni habari zenyewe. Fungua kurasa kumi za habari za hapa kwetu leo. Mheshimiwa amefungua. Mheshimiwa amekagua. Mheshimiwa atoa wito. Aya ni zile zile neno kwa neno, hata koma ziko palepale, maana zote zimetoka kwenye taarifa moja iliyotumwa na ofisa habari. Mtu atoe maoni gani hapo? "Hongera mheshimiwa." Ndiyo maana maoni yakiwepo ni hongera tu.

Upande wa pili kuna wale wa KIMENUKA! HUWEZI AMINI! Unafungua, unapita matangazo manne, unakuta mwanamuziki kabadili nywele. Unatoka na hasira na bando limekwenda. Huyo umemlaghai, unategemea akuachie neno? Atakuachia laana.

Habari ya kifusi yako ilikuwa nzuri. Lakini nilipoisoma hukuuliza chochote. Ulimaliza na "mamlaka husika zitazame". Mimi si mamlaka husika, nikapita.

#29 MtuWaNkuhungu
@jirani_wa_Ndasha kumbe ulisoma!

#30 jirani_wa_Ndasha
Nilisoma. Na lile lori namjua mwenyewe.

#31 Mlendamoto
Tumempata mtu wa kijiweni 😂

#32 dogo_UDOM
Nje ya mada: kuna anayejua treni ya SGR ya Ijumaa jioni kwenda Dar tiketi zinaisha saa ngapi? Nimechelewa mara mbili.

#33 Simba wa Majengo
Kata mapema dogo, usisubiri Ijumaa. Halafu ukifika Dar waambie Dodoma hakuna vumbi.

#34 Mlendamoto
Vumbi lipo ila ni la makao makuu.

#35 Kibaigwa Njia Panda
Turudi. Nina kisa kinachompinga ZabibuKavu na kumuunga mkono kwa pamoja.

Hapa sokoni Kibaigwa mahindi yanaingia na kutoka kwa malori usiku na mchana. Kuna kijana ana ukurasa wa bei za mazao. Hana sehemu ya maoni, ameifunga. Ameweka namba ya WhatsApp juu kabisa: "bei ya leo kwako ni ngapi?" Mimi namtumia kila asubuhi kabla ya chai. Yeye anaandika "bei ya Kibaigwa kwa msaada wa mdau wetu wa Njia Panda". Jina langu halisi hakuna, lakini soko zima linajua ni mimi. Siku nikichelewa wananipigia wao: vipi leo bei hujatoa?

Sasa huyo kijana kwa hesabu zenu ana maoni sifuri. Lakini ukurasa wake unaandikwa na wasomaji.

#36 mtumishi_kimya
Hicho kisa kinathibitisha cha kwangu. Watu wanasema wakiwa na mtu wanayemwamini, faraghani. Hadharani hapana. Mnakumbuka Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, na kesi moja ilihusu kugoma kutoa taarifa za wachangiaji kwa polisi. Yeye aligoma. Mwenye blogu ndogo ataweza kugoma? Mimi msomaji sina uhakika, kwa hiyo natuma WhatsApp.

#37 FundiSimu_Majengo
WhatsApp ndiyo ina namba yako ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole mkuu. Hapo ndipo pa kujificha?

#38 mtumishi_kimya
Sijasema ni akili. Nimesema ndivyo watu wanavyojisikia.

#39 Kibaigwa Njia Panda
Bei ya mahindi haina kesi. Usinibebeshe woga wako.

#40 Binti_Irangi
Kisa cha Kibaigwa mimi nimekipenda kwa sababu nyingine. Kijana anachuja kabla ya kuweka. Mtusi haoni pa kupenyea. Lakini kina kasoro: akitumiwa bei ya uongo na dalali mwenye mzigo ghalani, nani atamsahihisha hadharani? Maoni ya wazi yangemuumbua dalali ndani ya dakika kumi.

#41 Kibaigwa Njia Panda
Imetokea mwaka jana. Ilichukua siku mbili kugundua, na waliouza kwa bei ile walishauza. Sikutaka kuisema, umenichokonoa.

#42 MwlMstaafu_Kondoa
Ndiyo maana mashairi yalichapwa pamoja na majibu yake. Mwongo alijibiwa ukurasa ule ule.

#43 Simba wa Majengo
Mimi nasema hivi, msomaji hadaiwi na mwandishi. Nimenunua bando, nimesoma, tumemalizana. Muuza mlenda hanifuati nyumbani kuniuliza ulikuwaje.

#44 Mlendamoto
Wa kwetu anakufuata. Na usiposema mtamu hukopeshwi tena.

#45 MtuWaNkuhungu
Wakuu, leo ni siku ya sita tangu nifungue uzi, narudisha mrejesho.

Nimeruhusu maoni bila akaunti, ila hayatokei mpaka niyaone kwanza (Binti, hilo ni lako). Nimeweka namba ya WhatsApp, laini mpya, si ya nyumbani. Jana nikaandika habari ya mavuno ya zabibu, nikamaliza kwa swali: mwaka huu umeuzia wapi, kiwandani au sokoni? WhatsApp zimeingia 41. Sauti nyingi kuliko maandishi, moja ya dakika nane, mzee anaanza kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kunisimulia historia ya shamba lake tangu alipong'oa mtama. Nimewataja watatu ndani ya habari kwa ruhusa yao.

Pale chini pa maoni: moja.

#46 Hesabu Kali
Mganga?

#47 MtuWaNkuhungu
Mganga nimemzuia. Linasema hivi, nalinukuu lote: "Ndugu mwandishi, Mpunguzi haipo Wilaya ya Chamwino. Ni kata ya Dodoma Mjini. Mkulima."

#48 ZabibuKavu
Umelijibu?

#49 MtuWaNkuhungu
Nimerekebisha. Nimeandika chini ya habari: "Marekebisho, kwa hisani ya Mkulima." Na maoni yake sijayafuta.

#50 ZabibuKavu
Ahsante, mkuu. Pia umeandika "zabibu zilipandwa". Mche ndio unaopandwa, zabibu ni tunda.

#51 Mlendamoto
Sasa ameanza, mtamkoma.